Mto Hula Kingo: Kugeuza Kitambaa Kilichodariziwa Kuwa Mto wa Kochi

Katika nyumba nyingi kuna sanduku au kabati lenye vitambaa vya kudarizi ambavyo havitandikwi tena: vitambaa vya kochi vyenye maua pembeni, vitambaa vya meza vilivyozungushiwa krosheti, na foronya zilizoandikwa "Lala Salama" au "Usiku Mwema" kwa uzi mwekundu, ambazo bibi harusi aliondoka nazo kwao. Vingi vilidariziwa shuleni katika kipindi cha sayansi kimu, au barazani jioni baada ya kazi za nyumbani. Wenyewe hawana moyo wa kuvitupa, wala hawapendi kuvitandika juu ya makochi ya siku hizi, na hivyo huniletea hapa Tanga nivigeuze mito ya sebuleni. Kazi hii naithamini sana, kwa sababu kitambaa kilichochukua miezi kudariziwa huweza kuharibiwa na mkasi kwa dakika moja.

Jambo ambalo kila anayetaka kushona mwenyewe anapaswa kulielewa kabla ya kugusa mkasi ni kwamba mto hula kingo. Kitambaa kilicholala mezani ni bapa, lakini mto uliojazwa huvimba katikati na kuinama kuelekea nyuma pande zote nne, kwa hiyo sehemu yoyote ya picha iliyo karibu na mshono hugeukia ubavuni na haionekani tena kwa mtu aliyeketi mbele yake. Katika mwaka wangu wa kwanza nililetewa kitambaa chenye ndege wawili wanaotazamana, mikia yao ikikaribia ukingo. Nilikata kwa kufuata ukingo wa kitambaa, nikashona na kujaza, na mikia yote miwili ikaishia ubavuni mwa mto. Nilifumua mshono, lakini kitambaa nilichokwisha kukipunguza sikuweza kukirudisha. Tangu siku hiyo sipimi kutoka ukingoni. Natafuta kitovu cha picha yenyewe, nakitia alama kwa uzi wa rangi nyingine, kisha napima kutoka hapo kwenda kila upande, na kwa mto wa sentimita 40 nataka kubaki na angalau sentimita 5 tupu kati ya picha na mshono.

Mara nyingi nafasi hiyo haipo, kwa sababu aliyedarizi hakuwa akifikiria mto. Hapo dawa ni kuunga fremu ya kitambaa kingine kuizunguka kazi. Tuseme picha ina upana wa sentimita 22 na kitambaa chake kinatosha kukatwa mraba wa sentimita 31. Mishono ya sentimita 1.5 kila upande itaacha sentimita 28 zinazoonekana. Ukiunga vipande vyenye upana wa sentimita 9, kila kimoja kitaonekana kwa sentimita 6, na jumla itafika 40. Kwa fremu hii napenda kikoi kuliko kanga, kwa kuwa kikoi kimefumwa kwa uzito na mistari yake husaidia kuona kama mshono umenyooka, ilhali kanga ni nyepesi na maua yake makubwa hushindana na kazi ya sindano.

Kufua hutangulia kukata, wala hakufanywi baadaye. Kitambaa cha pamba hurudi kinapofuliwa kwa mara ya kwanza, na mto ambao uso wake umerudi huku mgongo wake haujarudi hupinda. Kabla ya kufua, lowesha kipande cheupe cha pamba, kibonyeze juu ya nyuzi zilizokolea rangi, hasa nyekundu na bluu, na utazame kama kimepata rangi. Kama hakikupata, fua kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kwa kubonyeza tu bila kufikicha wala kukamua. Kama kimepata, usiiloweke kazi kabisa. Ni heri kitambaa kibaki na umanjano wa sandukuni kuliko waridi jekundu lienee hadi kwenye majani. Mistari ya penseli au ya karatasi ya kaboni iliyotumika kuchora picha iondolewe kabla ya pasi, kwa sababu joto huweza kuikaza isitoke tena. Wakati wa kupiga pasi, laza kazi kifudifudi juu ya taulo nene, upitishe pasi mgongoni, ili nyuzi zizame kwenye taulo na zisilale bapa.

Kitambaa kilichodariziwa peke yake hakitoshi kubeba mvutano wa mto. Mafundo ya nyuma hukwaruzana na mto wa ndani kila mtu anapoegemea, na uzi uliokatika sehemu moja huachia mishono ya jirani. Kwa hiyo natia bitana ya marekani, ile pamba ngumu isiyotiwa rangi ambayo jina lake limebaki tangu karne ya 19, meli za Marekani zilipokuwa zikileta vitambaa vyao Unguja. Naikata sawasawa na uso, napiga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza, kuzunguka kingo zote, na kuanzia hapo vitambaa viwili nahesabu kuwa kimoja. Kazi ya misalaba, yaani mishono midogo inayokatizana kama X, iliyofanywa juu ya kitambaa kiitwacho Aida huhitaji hatua moja zaidi: kitambaa hicho kina matundu na hufumuka upesi, basi pitisha zigizaga ukingoni mara tu unapokikata.

Mgongo naufanya wa vipande viwili vinavyopandana, bila zipu. Zipu ni nzuri, ila meno yake yanapoharibika mto mzima hurudi kwa fundi, na mtu anayeanza hupata taabu kuitia. Kwa uso uliokatwa sentimita 43 kwa 43, kata vipande viwili vya 43 kwa 30.5, kunja pindo la sentimita 4 kwenye upande mrefu mmoja wa kila kipande, na vitakapolazwa juu ya uso vitapandana kwa sentimita 10, upana unaotosha kuzuia mto wa ndani usichungulie. Uso wa kazi utazame uso wa mgongo, ushone pande zote nne, kisha upindue.

Hata hivyo, usishone pembe zikiwa mraba kamili. Mto wa ndani hauzifikii pembe, nazo hubaki zimesimama kama masikio matupu. Anza kuingiza mshono ndani taratibu ukiwa bado umbali wa kama sentimita 10 kutoka pembeni, mpaka kwenye pembe yenyewe uwe umeingia sentimita 1 zaidi. Mezani pembe itaonekana butu, lakini ikijazwa itaonekana mraba. Anayetaka kigwe pembezoni akifunge ndani ya utepe uliokatwa hanamu, maana utepe ulionyooka hujikunja unapozunguka pembe.

Kuhusu kijazio, naitetea sufi. Misufi ipo pwani yote, na usufi wake ni mwepesi, laini, una nta ya asili isiyopenda maji, ndiyo maana zamani ulijazwa kwenye maboya ya kujiokolea. Vipande vya sponji huonyesha vinundu juu ya uso wa kazi, na baada ya muda huchakaa na kuwa unga. Sufi hulala kwa ulaini chini ya nyuzi na kuifanya picha ivimbe polepole, jambo ambalo kazi ya sindano hulihitaji. Inazo taabu zake: hupenya kitambaa chochote kilicholegea, kwa hiyo mfuko wa ndani uwe wa pamba iliyofumwa kwa kubana, hurukaruka, basi jaza penye utulivu wa upepo ukiwa umejifunga kitambaa puani, na hushikana, hivyo mto uanikwe juani na kupigwapigwa mara kwa mara. Mfuko huo wa ndani nauzidisha, sentimita 45 kwa foronya ya 40, ili uso ukazike bila makunyanzi.

Kabla ya kurudisha mto kwa mwenyewe, nashona ndani ya foronya, juu ya pindo la mgongo, kipande kidogo cha marekani chenye jina la aliyedarizi, na mwaka kama unajulikana. Foronya yenyewe, kama uzi wake hautoi rangi, ivuliwe na kufuliwa peke yake kwa mkono, ianikwe kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje, na mto usiwekwe kwenye kochi linalopigwa na jua la dirishani, kwa sababu jua hupausha rangi za uzi.