Haki ya mjane si sheria ya Wazungu

Huku Mtwara, mjane akidai mikorosho aliyoipalilia na marehemu mumewe, hakosi wa kumwambia, "Hayo ya mikataba ya kimataifa ni mambo ya Wazungu." Kauli hiyo imezoeleka, lakini si kweli.

Tuanze na jirani. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki (mkataba) ya Haki za Wanawake mjini Maputo, Msumbiji, nchi tunayotenganishwa nayo na Mto Ruvuma. Miongoni mwa walioipigania ni wanasheria na wanaharakati wanawake wa Afrika yenyewe. Ibara ya 21 inampa mjane sehemu stahiki ya mali ya mumewe na haki ya kuendelea kuishi kwenye nyumba ya ndoa. Hata akiolewa tena, habanduliwi kwenye nyumba hiyo ikiwa ni yake au ameirithi. Tanzania iliiridhia mwaka 2007.

Kabla ya hapo, Jaji Annie Jiagge wa Ghana alishiriki kuandika Azimio la Umoja wa Mataifa la 1967 la kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake. Na mwaka 1948 Hansa Mehta wa India ndiye aliyesisitiza Tamko la Haki za Binadamu litaje binadamu wote, si wanaume tu.

Wanazuoni wa Magharibi nao wamechangia, kweli. Mwaka 1991 Hilary Charlesworth, mwanasheria wa Australia, na wenzake walionyesha kuwa sheria ya kimataifa ililaani mateso ya dola huku ikinyamazia kipigo cha nyumbani. Hoja hiyo inamhusu mama wa Newala sawasawa na wa Australia.