Grisi ya Liemba

Nikijitambulisha kuwa msanii, hapa Mwanga, mjini Kigoma, swali la kwanza huwa: unachora au unaimba? Mwaka huu nimenasa sauti, nimeomba vyuma chakavu gereji, na nimechemsha mawese hadi majirani wakalalamikia moshi. Yote ni kazi moja. Inahusu Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika.

Sanaa ya utafiti huanza na swali, na swali ndilo linalochagua vifaa. Langu lilitoka kwenye jambo dogo. Wajerumani waliiunda Liemba huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande, wakaisafirisha kwa makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ikaingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaelemea, wakaizamisha wenyewe. Ila kwanza waliipaka injini grisi! Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Anayezamisha chombo huku akikitunza anangoja nini?

Nikachukua parafujo kuukuu, nusu nikazipaka mawese, ambayo ndiyo grisi yetu huku, nusu nikaziacha kavu. Nikazifunga kwenye kipande cha wavu wa dagaa na kuzizamisha ziwani miezi mitano. Zote zikatoka na kutu ileile. Nilinuna wiki nzima.

Wakati huohuo nilikuwa nakwenda Ujiji kwa mzee mmoja ambaye babu yake alifanya kazi bandarini. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, zima hicho kidude, kunywa chai." Baadaye aliiga honi ya Liemba kama alivyokuwa akiiga babu yake. Hapo wazo la kuchora picha likafa. Nikajua kazi hii lazima isikike.

Hapa huwa namkumbuka msanii Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na kusomea sanaa Cape Town. Hukusanya masimulizi na mila za wanawake wa ukoo wake, akayageuza video, sauti na maonyesho ya mwili. Mama yake, mwandishi Demere Kitunga, hushiriki kuzitunga kazi hizo. Wengi wetu tunawanyonya wazee habari kisha tunasaini peke yetu. Mimi pia nimewahi.

Mzee nilimpelekea zile parafujo. Akanusa moja, akacheka. "Mabichi haya! Yachemshe mpaka wekundu uishe, halafu uchanganye na nta."

Ndiyo maana ya ule moshi. Fungu la pili liko ziwani tangu juzi, na kwenye kibao cha maonyesho majina yatakuwa mawili.