Je, wajua kwa nini kompyuta huwa nyepesi asubuhi na nzito mchana?

Wenye steshenari za Mtwara na Lindi wanaijua hali hii. Saa mbili asubuhi mashine inafungua barua ya mteja chapchap. Saa nane mchana, barua ile ile kwenye mashine ile ile, kiduara kinazunguka tu mpaka mteja anaanza kutazama saa. Wengi husingizia kirusi. Kirusi gani hicho kinachosubiri jua lipande?

Mara nyingi mchawi ni joto. Prosesa, ile chipu inayofanya mahesabu yote, hula umeme, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Ndani yake mna vipimajoto. Joto likikaribia kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel ni nyuzi 100 za Selsiasi au karibu na hapo, chipu hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa kawaida hutaona onyo lolote kwenye skrini, utaona uzito tu.

Feni nayo haitengenezi baridi. Inapitisha hewa ya chumbani kwenye mapezi ya aluminiamu au shaba yanayopokea joto la chipu, basi. Chumba cha nyuzi 32, Desemba, chini ya bati, kinaanza na hasara. Na huku pwani tuna la ziada: hewa ya bahari ina chumvi, chumvi huvuta unyevu, na vumbi lenye unyevu hugandamana. Fungua laptopu iliyokaa Mikindani miaka kadhaa bila kuguswa. Kati ya feni na mapezi huenda ukakuta kitu kama kipande cha blanketi, cha kijivu, kimeshikana, ukikivuta kwa kidole kinatoka kizima. Hewa ingepita wapi?

Kusafisha si kazi kubwa. Zima mashine, chomoa waya, toa betri kama inatoka, fungua kifuniko, bandua uchafu, kisha pitisha brashi laini iliyo kavu. Ukitumia blowa, zuia feni kwa kijiti, kwa sababu upepo ukiizungusha kupita kasi yake beringi zinaweza kuharibika. Kama mashine ni ya siku nyingi, mwambie fundi abadilishe na pesti iliyo kati ya chipu na mapezi, maana hukauka na kupitisha joto kwa shida. Na laptopu isiwekwe juu ya godoro. Nyingi huvutia hewa kwa chini.

Mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Sikatai, kuna wakati inasaidia, ila kama lile blanketi bado limo ndani, utalipa hela na kesho mchana uzito uko pale pale.

Sasa, ikiwa mashine ni nzito tangu alfajiri, usilaumu joto. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, uangalie safu ya diski (Disk). Ikisoma asilimia 100 muda wote na wewe hufanyi kitu, huenda una hadidiski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa chake cha kusomea kikihama kutoka faili hadi faili hutumia milisekunde kumi hivi, kwa hiyo vipande vidogo mia moja tu vinatosha kumaliza sekunde nzima. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka, na husoma maelfu kwa muda huo huo. Kwa mashine ya mtumba, mimi ningenunua hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta inapofanya kazi, ikiwa ni ya GB 4 ingefuata, iongezwe mpaka 8, kwani ikijaa kompyuta huhamishia mzigo kwenye diski. Zile programu zinazojinadi kusafisha na kuharakisha kompyuta ziache huko huko. Baadhi ndizo zinazoleta virusi.

Jambo moja zaidi, maana hata huku kwenye gesi umeme hukatika: laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hujipunguzia kasi ili chaji idumu. Ichomeke kwanza ndipo uihukumu.