Vijarida vya wanafunzi: kosa huanzia kwenye mkunjo

Hizi ni dhana sita potofu kuhusu vijarida ambavyo wanafunzi huandika na kukunja wenyewe, kila moja na jibu lake.

Dhana: Waandike kwanza, kurasa zitapangwa baadaye.

Vijarida vingi vya darasani hufia hapa. Karatasi ndiyo inayompimia mwandishi. A4 moja hutoa kurasa nane za A7, yaani milimita 74 kwa 105, na mwandiko wa mtoto ukifikisha maneno 40 ukurasa umejaa. Insha ya daftari haiingii humo hata ikibanwa.

Anza basi na karatasi tupu. Ikunje nusu mara tatu, kila mara ukikutanisha kingo fupi, upate visanduku vinane, kisha uikunjue. Ikunje tena mara moja, kingo fupi zikutane, ukate kwa mkasi kuanzia upande wenye mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, na usimame kwenye mkunjo unaofuata. Ukipitiliza, unabaki na vipande viwili na kazi imeharibika. Ifungue, ikunje kwa urefu wake, sukuma ncha mbili zielekee katikati mpaka mkato upanuke na karatasi isimame kama msalaba, halafu laza kurasa upande mmoja.

Sasa mwanafunzi aandike namba 1 hadi 8 kwa penseli kijarida kikiwa kimekunjwa. Akikikunjua ataona jambo linalowachanganya hata watu wazima: safu ya chini inasomeka 8, 1, 2, 3, na safu ya juu 7, 6, 5, 4, zote nne zikiwa kichwa chini. Bila kielelezo hicho mezani, nusu ya darasa itachora jalada mahali pa ukurasa wa sita.

Dhana: Kijarida kikubwa kinataka stepla tu.

A4 iliyokunjwa mara moja ina kurasa nne, kwa hiyo jumla ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Mkiwa na 14, ongezeni mbili au ondoeni mbili. Kwa kurasa 16, karatasi ya nje hubeba 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Namba zinazokaa pamoja hujumlika 17 katika karatasi zote, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kukagua. Stepla ya kawaida ni fupi, haifiki kwenye mkunjo ulio milimita 148 kutoka ukingoni. Sindano inafika. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, chukua uzi wa sentimita 50, anzia ndani ukitokea tundu la kati, ingia la juu, ruka la kati ukiwa ndani, toka la chini, rudi ndani kupitia la kati. Ncha mbili zifungwe juu ya uzi mrefu uliolala katikati, la sivyo fundo litalegea.

Dhana: Kinachopendeza mezani kitapendeza kwenye fotokopi.

Penseli hufifia, rangi ya njano hutoweka kabisa. Tumia peni nyeusi. Acha pambizo la sentimita moja pande zote, maana mashine nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni. Kingo za picha zilizobandikwa huacha mistari ya kivuli. Zipake wino mweupe wa kusahihishia. Toa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo utoe nyingine. Kijarida kikichapwa pande mbili, chagua kugeuza kwa ukingo mfupi, vinginevyo upande wa pili utatoka miguu juu.

Dhana: Asiyejua kuchora hana nafasi.

Orodha, ramani ya njia ya shuleni, mahojiano, herufi zilizokatwa magazetini: vyote ni kurasa.

Dhana: Mwalimu asahihishe kila sentensi kabla ya kuchapa.

Mwaka 1924, katika kijiji cha Bar-sur-Loup nchini Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet aliwapa wanafunzi mashine ya kuchapia, wakapanga herufi za maandishi yao wenyewe. Anayejua maneno yake yatasomwa na mgeni huwa na sababu ya kuyakagua. Weka alama ya penseli pembeni penye kosa, mwenyewe alitafute. Mwalimu akiandika upya, sauti ya mtoto inapotea na kijarida kinakuwa tangazo la shule.

Dhana: Kwa kuwa hakiuzwi, picha yoyote ya intaneti inaruhusiwa.

Hakimiliki haiangalii bei peke yake. Picha wachore au wapige wenyewe. Namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, haihitajiki. Hiyo ni ya biashara ya vitabu. Kinachohitajika ni ridhaa ya mzazi kabla jina kamili au sura ya mtoto haijatoka nje ya darasa. Jina la kubuni kwenye jalada nalo linatosha, na wengi hulipenda zaidi.