Oposamu wa mitini halali akining'inia

Kwenye baraza za Mji wa Kale, Mombasa, katuni zimewaaminisha wengi kwamba oposamu, mnyama wa Amerika wa kundi moja na kangaruu, hulala akining'inia kwa mkia. Sivyo. Oposamu wadogo wa jenasi Marmosa, wakaao mitini Amerika ya Kati na Kusini, hulala mchana kwenye tundu la mti au kiota cha ndege kilichoachwa. Mkia ni wa kushikia tawi usiku, wakisaka wadudu na matunda.

Na mfuko, eti kama kangaruu? Jike wa Marmosa hana kabisa. Watoto huzaliwa baada ya wiki mbili hivi, vipofu, hawana manyoya, wakang'ang'ania chuchu huku mama akiparamia matawi. Wala si panya: panya wa Marikiti yuko karibu zaidi kinasaba na komba wa minazini kwetu kuliko na oposamu.