Je, wajua dereva wa magari ya mbio aligeukaje kuwa mpiganaji?

Mwaka 1990 Nintendo ilitoa F-Zero, gemu ya mbio za magari yanayoelea juu ya barabara. Dereva wake mashuhuri anaitwa Captain Falcon. Anayecheza gemu ile haoni mikono wala miguu ya dereva huyo. Anachoona ni gari la buluu likikata kona. Mwaka 1999 ikaja Super Smash Bros., gemu inayowakutanisha mashujaa wa gemu mbalimbali na kuwapiganisha. Humo dereva yule yule kashuka garini, anakimbia kama mshale, na anapiga ngumi inayowaka moto wenye umbo la ndege. Ngumi hiyo haikutoka F-Zero. Ilibuniwa kwa ajili ya mapigano, na leo wapo wengi wanaoijua ngumi lakini gari hawajawahi kuliona.

Basi wabunifu huamuaje mhusika apigane vipi, hasa yule ambaye kwao hakuna anayepigana?

Kwanza kuna madai ya gemu mwenyeji. Katika Smash kila mpiganaji, awe nani, lazima awe na pigo la haraka, mapigo ya mbele, juu na chini, mapigo matano ya angani, mitupo minne na mapigo maalumu manne. Ukihesabu yote, pamoja na mengine ambayo sikuyataja, unapita 20. Sasa mfikirie Pac-Man. Mashine yake ya mwaka 1980 haikuwa na kitufe hata kimoja cha kupiga. Ulishika kijiti, ukamwelekeza huku na huku, akala. Alipoingia Smash mwaka 2014, wabunifu walirudi kwenye kile alichokuwa akila. Hurusha cheri, stroberi, chungwa na tufaha, mpaka kengele na ufunguo, kwa mpangilio ule ule vilivyokuwa vikijitokeza kwenye gemu ya zamani, na kila kimoja huruka kwa njia yake. Aliyeicheza mashine ile utotoni hahitaji kuelezwa kwamba ufunguo ni wa thamani kuliko cheri.

Nafasi inayonivutia zaidi ni ile ya pigo maalumu la juu. Katika Smash huna kiasi cha uhai kinachopungua. Ukipigwa, asilimia yako hupanda, na kadiri inavyopanda ndivyo unavyorushwa mbali zaidi, mpaka siku yako ya kutoka nje ya mipaka ifike. Kwa hiyo kila mhusika anahitaji njia ya kurudi jukwaani akiwa hewani, hata kama kwao hajawahi kuruka. Sonic hukanyaga springi. Mega Man humwita Rush, mbwa wake wa chuma. Mwanakijiji wa Animal Crossing, gemu ya kuotesha miti na kuzungumza na majirani, hupaa kwa maputo mawili, na adui anaweza kuyapasua. Ninayempenda kuliko wote ni Mr. Game & Watch, kivuli cheusi kilichotoka kwenye vile vigemu vya mfukoni vya Nintendo vya miaka ya 1980. Kimoja kati ya hivyo, Fire, kilikuwa na wazimamoto walioshika kitambaa cha kuwadaka watu wanaoruka kutoka kwenye jengo linaloungua. Katika Smash wazimamoto hao hao hutokea chini yake na kumrusha juu. Hata mwendo wake ni wa kukatikakatika, kwa sababu kioo cha vigemu vile kilionyesha picha moja moja tu.

Kuhamisha vitu, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Kigumu ni kuhamisha uamuzi, yaani lile jambo lililokuwa likimuumiza mchezaji kichwa katika gemu ya asili. Hapa ndipo naamini mbunifu mzuri anapojitenga na wengine.

Mtazame Phoenix Wright, wakili wa gemu za Ace Attorney, anayesifika kwa kunyoosha kidole mahakamani na kupaza sauti, "Napinga!" Kampuni ya Capcom ilimwingiza kwenye gemu ya mapigano ya Ultimate Marvel vs. Capcom 3 mwaka 2011, akasimama ulingoni na majitu yenye nguvu za kupindukia. Ingekuwa rahisi kumpa ngumi na mateke ya kawaida, tai ikipepea. Badala yake anaanza pambano akiwa dhaifu, akitafuta ushahidi katikati ya kipigo. Kuna ushahidi wa maana na kuna takataka, na takataka inabidi aitupe. Akikusanya vipande vitatu vizuri anaweza kuhamia hali ya mahakamani. Pingamizi lake likimpata adui, mambo yanageuka, naye anakuwa mtu wa kuogopwa kweli. Mchezaji anapitia safari ile ile ya gemu za mashtaka: unasota, unakusanya, kisha unaigeuza kesi. Sijui mfano mwingine unaonishawishi kuliko huu.

Shujaa wa Dragon Quest, aliyeingia Smash mwaka 2019, alileta tatizo la namna nyingine. Kwao unachagua uchawi kwenye orodha, na gemu inakusubiri. Wabunifu waliibakiza orodha, wakauondoa muda. Ukibonyeza, machaguo manne hujitokeza kwa bahati nasibu, na wakati unasoma adui anakuja mbio. Kusoma kwenyewe kumekuwa hatari.

Halafu Steve wa Minecraft, mwaka 2020. Gemu yake ni kuchimba na kujenga, basi anachimba sakafu ya jukwaa, anapata mbao, mawe, chuma, na hata almasi, anaunda upya zana zake zikivunjika, na kupanga matofali hewani ili ayakanyage. Masahiro Sakurai, aliyeongoza kazi hiyo, alieleza kwamba kwa sababu yake ilibidi majukwaa yote yafanyiwe marekebisho. Nayo yanazidi 100. Mgeni mmoja akalazimisha nyumba nzima ibadilishwe, na kwa maoni yangu ilistahili, kwani Steve asiyechimba angekuwa sanamu tu la Steve.

Usidhani aliyetoka kwenye gemu ya mapigano huhama kwa urahisi. Ryu wa Street Fighter anajulikana kwa Hadoken, mpira wa nishati unaotolewa kwa kuzungusha kijiti robo duara na kubonyeza kitufe. Smash haina desturi hiyo. Huko kitufe na upande mmoja vinatosha. Alipoingia mwaka 2015 alipewa njia zote mbili: ya mkato kwa mgeni, na ya mzunguko kwa mzoefu, ambaye hulipwa kwa pigo lenye nguvu zaidi. Mikono iliyofundishwa na Street Fighter II tangu mwaka 1991 ilikuta kazi yake inatambuliwa. Katika toleo la mwaka 2018 likaongezwa jambo dogo lenye maana kubwa: wakipigana wawili tu, Ryu hujigeuza mwenyewe kumtazama adui, kama ilivyo kwao. Mwenzake Akuma alipokwenda Tekken 7 alikutana na kikwazo kingine. Tekken ina kina, na adui hupiga hatua ya ubavuni, mpira ukampita.

Chini ya haya yote kuna hesabu. Gemu hizi huenda kwa picha 60 kila sekunde, na wabunifu hupima kila pigo kwa picha hizo: linaanza baada ya ngapi, linauma kwa ngapi, linakuacha wazi kwa ngapi. Ngumi ya moto ya Captain Falcon huchukua karibu sekunde nzima kabla ya kugusa. Ndiyo bei ya nguvu yake, na ndiyo maana inapompata mtu ukumbi mzima hupiga kelele.

Wakati mwingine udhaifu ndio unaobeba utambulisho. Little Mac, bondia wa Punch-Out!!, hakutegemea kuruka ulingoni kwake. Alikwepa kushoto na kulia, akasubiri upenyo. Katika Smash, miguu ikiwa chini, ngumi zake ni kali na za haraka, na akipigana vya kutosha anapata nafasi ya ngumi moja ya kumaliza kazi. Akiwa hewani mapigo yake ni mepesi mno, na njia yake ya kurudi jukwaani ni fupi kuliko za wengi. Wanaomchagua hulijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo huzunguka katikati ya jukwaa kama bondia anayekataa kusukumwa kwenye kamba.