Kabla hujajenga ufukweni, mpimie kasa nafasi yake

Kasa anayepanda kutaga Kigamboni au kisiwani Juani, Mafia, hatagi popote. Hutafuta mchanga mkavu juu ya alama ya maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), hufukia mayai mia moja na zaidi, na watoto hutoka baada ya takriban miezi miwili. Bahati mbaya, hapo hapo ndipo wenye viwanja hupatamani kwa ukuta na vitanda vya wageni vya kuotea jua.

Ukuta wa zege ndio unaotutia hofu zaidi. Kasa akikutana nao hurudi baharini bila kutaga, au hutaga chini yake. Bamvua likija, maji huingia kiotani, na kwa kuwa mayai hupumua kupitia mchanga, yakizama muda mrefu hufa. Tena wimbi likipiga zege hurudi kwa nguvu likikomba mchanga. Ufuo hushuka, msingi hubaki wazi, na mmomonyoko huhamia kwa jirani. Hoteli yenyewe hupoteza ufuo ulioleta wageni!

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ushauri wetu: usianze kupima pale maji yalipokupwa siku aliyokuja fundi. Anzia kwenye mstari wa juu wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua, na majani yatambaayo juu yake usiyang'oe, maana ndiyo yanayoshika mchanga.

Taa nazo huua. Watoto wa kasa hutoka usiku na kufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwenye ufuo wenye giza huwa ni bahari. Taa nyeupe ya baraza huwavuta nchi kavu, wakaishia kwa kaa na kunguru. Shusha taa, zikinge upande wa bahari, weka balbu nyekundu. Kisha simama mchangani usiku: ukiiona balbu yenyewe, au kivuli chako, bado hujamaliza.

Vitanda viondolewe kabla ya magharibi, visimzibie kasa njia. Ukikuta mburuzo wa kasa, usifukue. Kijusi hujishikiza kwenye ganda saa chache baada ya kutagwa, na yai likigeuzwa hufa. Weka alama kando, kisha mwite afisa uvuvi au BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufuo na uvuvi.